Baga Kichwa Wazi



Chembe za mkate tulizikuta ndani ya foronya. Ilikuwa siku ya kufua, na mmoja wetu alipoigeuza foronya ya Mama ili aikung'ute, vilidondoka sakafuni vipande vikavu vya boflo, vingine vikubwa kama ukucha. Tukatazamana, sisi watatu, tukanyamaza. Miezi minne ilikuwa imepita tangu Mama aambiwe kwamba ana maradhi ya sukari, na katika muda huo wote tulijisifu kwa jamaa na majirani kwamba hata kipande kimoja cha mkate hakijapita mbele yake.

Sisi ni dada wawili na wifi yetu. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, na ndani yake tunaishi watu wanane: Mama, sisi watatu, kaka yetu afanyaye kazi bandarini, na watoto watatu. Tangu Mama augue, tulimpikia chungu chake mbali: mchicha wa kuchemsha, samaki wa kuchoma, na ugali wa wimbi kiasi cha kiganja. Sahani yake tuliifunika kwa kawa, tukampelekea chumbani kabla hatujatandika mkeka wetu, ili asituone tukila wali na mikate akaumia moyo. Tuliona huo ndio upole.

Tulipomwendea na ile foronya, Mama hakukana.

"Mkate siuli kwa njaa, wanangu," alisema. "Nyinyi mwala pamoja, mimi nala na redio."

Kisha akatuuliza kama jua la uani linatosha kukausha nguo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Aliyelelewa pwani anajua kwamba mkate kwetu si kitu kimoja. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi. Alasiri kuna mkate wa sinia kwa chai ya tangawizi. Mkate wa mofa una siku zake, mkate wa mayai una wageni wake, na boflo ni ya kuchovya mchuzi siku ambayo hakuna aliye na nguvu ya kupika zaidi. Mama ana miaka 68. Mikono yake imekanda unga tangu kabla hatujazaliwa. Kumwambia auache mkate ilikuwa kama kumwambia ahame mtaa, na sisi tulimwambia hivyo kwa sentensi moja, tukiwa tumesimama mlangoni.

Fikra ya baga haikutoka kwetu watu wazima. Binti wa wifi yetu, mwenye miaka 13, alikuwa akiomba baga kila Alhamisi jioni, nasi kila Alhamisi tulikuwa na udhuru. Siku chache baada ya kisa cha foronya akatujia jikoni akasema, "Shangazi, baga yaweza kuliwa bila mkate. Mnatia vitu vyote katika bakuli, mkate mnauacha dukani. Bibi naye atakula."

Lile neno la mwisho ndilo lililotugeuza.

Kabla hata ya nyama kununuliwa, mdogo wa watoto alileta swali kutoka madrasa. Mwenzake amemwambia kwamba neno "hamburger" lina "ham" ndani yake, na ham ni nyama ya nguruwe, basi chakula hicho ni haramu. Huenda swali hili limefika katika nyumba nyingine pia. Jina hilo linatokana na Hamburg, mji wa bandari ulioko Ujerumani, na halihusiani na nguruwe kwa lolote. Nyama yake tangu asili ni ya ng'ombe. Linalopasa kuulizwa ni jinsi ng'ombe huyo alivyochinjwa na bucha lililomuuza. Kwa hiyo sisi hununua kwa muuzaji tumjuaye, nyama ikiwa nzima, nayo husagwa mbele ya macho yetu. Faida nyingine ya kusimama pale ni kwamba unachagua mwenyewe kiasi cha mafuta. Kima isiyo na mafuta kabisa hukauka na kuwa kama mchanga kinywani.

Kwa watu wanane tunatumia kilo moja ya kima ya ng'ombe. Tunaikoleza kwa thomu iliyopondwa, tangawizi kidogo, pilipili manga, bizari nyembamba iliyokaangwa ikasagwa, na chumvi. Hatutii yai wala chenga za mkate, kwa kuwa hatufinyangi kababu. Nyama inalala wazi kikaangoni.

Hapa ndipo wengi hukosea, na sisi tulikosea mara mbili. Kikaango lazima kiwe moto kwelikweli kabla ya nyama kuingia, na nyama isiingie yote kwa pamoja. Ikijazana hutoa maji, na maji hayo huichemsha badala ya kuikaanga. Utapata kima ya kijivu, laini, yenye harufu ya sufuria. Tunaigawa mafungu mawili. Fungu moja linatandazwa, linabanwa kwa mwiko, kisha linaachwa dakika tatu au nne bila kuguswa hadi upande wa chini ushike rangi ya kahawia na kuanza kuwa mkavu kingoni. Ndipo hugeuzwa na kuvunjwavunjwa. Subira ya dakika hizo nne ndiyo ladha yote ya baga.

Mboga ni zilezile ambazo mkate wa baga huzibana: majani ya saladi au kabeji iliyokatwa nyembamba mno, tungule, na vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi na ndimu. Tango tunalikata duara, tunalinyunyizia chumvi, tunalimiminia siki, tunaliacha nusu saa, huwa achari ya haraka, nasi tuna mahaba na siki, kwani Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo. Mchuzi wa juu tulianza kwa kuununua. Tuliposoma maandishi ya chupa tukaona sukari imetajwa pale pale mwanzoni katika ule wa nyanya, tukauacha. Sasa tunachuja mtindi mzito kwa kitambaa safi, tunauchanganya na kijiko cha haradali, kijiko cha siki, nyanya ya kopo kidogo, thomu, na vipande vidogo vya lile tango la siki. Watoto hawakutambua tofauti, au walitambua wakatustahi.

Kitu kimoja ni chetu wenyewe. Mkate wa baga hunyunyiziwa ufuta juu yake, nasi watu wa pwani tuna mkate wa ufuta wetu wa jadi. Wifi yetu akasema, mkate tumeuacha lakini ufuta umekosa nini? Akaukaanga mkavu hadi ukaanza kurukaruka, akaunyunyiza juu ya mabakuli. Harufu yake ilijaa hadi ngazini, na Mama akatoka chumbani bila kuitwa.

Tuliposwali Magharibi tulikuwa tumekwisha kukata mboga. Isha haijaadhiniwa bado, chakula kikawa mkekani. Mama alilitazama bakuli lake kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo baga?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbona iko kichwa wazi? Mtandio wake u wapi?"

Kaka yetu alicheka hadi akapaliwa. Toka siku hiyo chakula hicho hakina jina jingine nyumbani kwetu.

Laiti kisa kingeishia hapo. Mama alikula nasi, akalala bila kutafuta boflo, na kipimo cha asubuhi kikatoka kizuri kuliko miezi yote iliyotangulia. Sisi tukalewa ushindi. Tukasema, ikiwa baga bila mkate imeleta hivi, basi na ugali uondoke, na viazi viondoke, na ndizi ziondoke. Wiki mbili nzima chakula chake cha jioni kikawa nyama, mboga na mtindi peke yake. Hatukumuuliza daktari wala muuguzi.

Usiku wa wiki ya tatu, saa tano, mjukuu anayelala chumbani kwake alitugongea mlango. Tulimkuta Mama ameketi kitandani, jasho limemlowesha kanga, mikono inamtetemeka, na maneno yake hayashikani. Alimwita mmoja wetu kwa jina la marehemu dada yake. Wifi yetu alianza kumsomea Ayatul Kursi huku amemshika mkono. Mdogo wetu alikuwa akipekua droo akitafuta kipimo. Tone la damu lilionyesha 3.1. Tulikuwa tumefundishwa kliniki kwamba chini ya 4 sukari imeshuka mno, lakini somo hilo tulilisikiliza kwa sikio moja, maana hofu yetu siku zote ilikuwa kupanda.

Kopo la sukari tulikuwa tumelificha juu ya kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni. Kaka yetu alipanda kiti kulitoa. Tulikoroga kijiko kimoja cha mezani katika maji kidogo, tukamnywesha taratibu, kwa kuwa alikuwa macho na aliweza kumeza. Baada ya dakika 15 tukapima tena: 4.6. Jasho likaanza kukauka. Tulikumbuka kwamba sukari ya namna hiyo haikai, inahitaji chakula cha kuishikilia, na chakula kilichokuwa karibu ni boflo ya watoto ya kesho asubuhi. Tukamkatia kipande, tukamlisha kwa mikono yetu wenyewe.

Alitafuna polepole, akatutazama mmoja mmoja. "Leo mkate umekuwa halali?"

Tulicheka na kulia kwa pamoja, na mtu yeyote aliyewahi kukesha na mzazi anafahamu hali hiyo.

Asubuhi tulikuwa wa kwanza kliniki. Muuguzi alitusikiliza, akauliza jina la vidonge, kisha akatueleza bila kutukaripia, jambo ambalo lilituuma zaidi. Vidonge ambavyo Mama alikuwa akimeza jioni huisukuma kongosho itoe insulini zaidi, na insulini hiyo hutoka hata kama sahani haina kitu cha kuipa kazi. Mkate, ugali na viazi hugeuka sukari mwilini, na dawa ilikuwa imepimwa kwa mtu anayevila kwa kiasi. Sisi tuliviondoa vyote na dawa tukaiacha vilevile. Si dawa zote za sukari zinafanya hivyo, alisema, na ndiyo sababu mtu hawezi kuiga chakula cha jirani yake kabla ya kuuliza. Akatuonya pia kwamba lau Mama angekuwa amezirai, tusingethubutu kumtia chochote kinywani, bali tungemkimbiza hospitalini. Daktari alipunguza kipimo cha vidonge. Mtaalamu wa lishe akatuchorea sahani katika karatasi: nusu ni mboga, robo ni nyama au samaki au kunde, robo iliyobaki ni wanga, na robo hiyo isikosekane.

Basi kiazi kitamu kikarudi. Tunakichemsha na ganda lake, tunakikata vipande, na fungu la Mama tunalipima kwa kikombe kimoja kile kile kila siku. Siku nyingine badala ya kiazi huwa ni mbaazi bila nazi. Baga kichwa wazi ya nyumbani kwetu, basi, si ile ambayo binti yetu alituonyesha. Ina kiazi pembeni, nayo haituonei haya.

Lililobaki lilikuwa suala la mabakuli. Mama aliyavumilia kwa muda, kisha akasema kwamba kila mtu na chombo chake ni desturi ya wodini, na yeye ametoka huko. Alitaka sinia. Tuligombana kwa upole kwa siku mbili, kwa sababu katika sinia la watu wanane nani atajua nani amekula kiasi gani cha wanga? Wifi yetu ndiye aliyelitatua, tena kwa adabu ambayo sote tulifundishwa tukiwa wadogo: kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Nyama na mboga zikamwagwa katikati ya sinia, mchuzi wa mtindi ukazungushwa juu, ufuta ukanyunyizwa. Kiazi kikapangwa kingoni, kila mtu fungu lake mbele yake, na la Mama lile lililopimwa kwa kikombe.

Alhamisi iliyopita yule mdogo wa madrasa alimaliza chake upesi, macho yakaanza kutembea. Mkono wake ulivuka nusu ya sinia kabla hatujamwona. Mama alimpiga kofi jepesi juu ya vidole, akakivuta kiazi chake karibu, akaendelea kula.