Jina Letu ni la Wengi

Mwanangu,

Nakuandikia wakati miguu imeanza kunigomea na daktari amezoea kumwita mama yako pembeni, nami nimefundisha hesabu miaka mingi kiasi cha kujua jumla inapokaribia. Nikishalala kihambani, katika shamba letu la ukoo, ndugu zangu watakuja kukwambia kwamba nyumba yangu imezima jina, kwa kuwa Mungu alinijalia mabinti watupu. Wasikilize kwa adabu, maana mkubwa hajibiwi upesi, lakini usiyaweke maneno yao moyoni kabla hujasikia yangu.

Ujue kwanza kwamba sisi akina Mushi hatujapungukiwa watu. Simama mlangoni mwa kanisa hapa Kibosho, Kilimanjaro, siku ya Krismasi, watu wakiwa wamerudi kutoka Dar es Salaam na Arusha, uite jina hilo uone wangapi watageuka. Na Rombo ndivyo ilivyo kwa Shirima na Tarimo. Zamani haya yalikuwa majina ya koo, ya kujua nani asimwoe nani na nani ana haki katika kihamba kipi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Kilema na Kibosho katika miaka ya 1890, yakaanza kuingia katika daftari la ubatizo, kisha katika rejista ya shule, kisha katika vitabu vya chama cha ushirika cha kahawa, KNCU, kilipoanzishwa mwaka 1933, na jina likishaandikwa mahali pengi hivyo halibanduki kirahisi. Pwani wengi huandika jina la baba na la babu, kwa hiyo la mwisho hudondoka kila kizazi na jingine hushika nafasi yake, wala hakuna anayelia kwamba ukoo umekufa. Kwetu jina lilibaki; kahawa ikasomesha watoto, ardhi ikawa finyu, kihamba kikamtosha mmoja, na waliobaki wakalishusha jina mijini.

Baba zako wadogo hawajui kwamba hofu yao ilishapigiwa hesabu. Mwaka 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza gazetini kwa nini majina ya familia kubwa hupotea, na mchungaji Henry Watson akamjibu kwa hesabu ya kizazi baada ya kizazi, akihesabu watoto wa kiume peke yao. Watson alihitimisha kwamba kila jina hatimaye huzimika. Waliokuja baadaye walionyesha kwamba alikosea, kwamba kila baba akipata kwa wastani zaidi ya mwana mmoja wa kiume, majina mengine hupona na kuenea. Lakini hata hapo mengi huzimika mapema, bila kosa la mtu yeyote, kwa bahati tu ya nani alizaa nani. Nilipoisoma hesabu hiyo nilipata faraja ambayo sikuipata katika vikao vya ukoo.

Tena wingi wenyewe si ushahidi wa baraka. Kule Vietnam karibu theluthi ya watu, au zaidi, wanaitwa Nguyễn, na si kwamba wote walitoka tumbo moja: katika karne ya 13, ukoo wa Trần ulipotwaa kiti, watu wa ukoo wa Lý waliamriwa kuchukua jina la Nguyễn, na baadaye wafalme wa Nguyễn walitawala kuanzia 1802 hadi 1945. Kwa hiyo atakayekutambia wingi wa watu wake, mwache atambe.

Ninachokihofia mimi ni kingine. Jina la wengi ni mahali pazuri pa kujificha. Utaona watu wakikopa huku wakijua kwamba anayedai atagonga kwanza mlango wa Mushi mwingine, utaona anayechongea kazini akitegemea kwamba lawama itapotelea katika umati, na utaona pia anayepita mlango uliofunguliwa na heshima ya mtu asiyemfahamu. Mchuma janga hula na wa kwao, mwanangu, na wa kwako ni wengi kuliko utakavyowahi kuwajua. Utajikwaa, najua, maana hakuna aliyezaliwa na mimi wala na mama yako asiyejikwaa. Siku hiyo sema ni wewe, taja majina yako yote matatu, lipa kidogo kidogo mpaka deni liishe, wala usiogope kurudi nyumbani, kwa kuwa hakuna kosa litakalokufanya usiwe wangu.

Ukiolewa, ukipenda kuchukua jina la mumeo lichukue, ukipenda kubaki na langu baki nalo. Sitageuka kaburini kwa lolote kati ya hayo. Ila kabla ya posa waulizeni wazee, maana Mushi kukutana na Mushi huko mjini si jambo la ajabu.

Kihamba nimekuandikia wewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ileile ya mwanamume, na wosia umeshuhudiwa na watu wa ukoo na wasio wa ukoo. Baba zako wadogo wakija, wape viti na mbege kwanza, waulize habari za watoto wao, ndipo uwaonyeshe karatasi.