Silaha Haiazimwi



Kila tunapokutana mwisho wa mwaka, vijana wetu huniuliza swali moja: "Mzee, bastola gani inafaa kuwekwa nyumbani, na risasi ngapi?" Huniuliza mimi kwa kuwa wanajua ninayo. Nimeombwa nijibu katika kitabu hiki mara moja kwa wote. Nitajibu, na nitaongeza na lile ambalo hawaniulizi.

Kwanza, nani anaruhusiwa. Hapa Afrika Kusini ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha, Namba 60 ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kwa ukamilifu tarehe 1 Julai 2004. Mwombaji awe ametimiza miaka 21, na awe raia au mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Mwenye karatasi ya kuomba hifadhi, au kibali cha kazi cha muda, mlango huo umefungwa kwake. Aliyeruhusiwa hupitia mafunzo, hufanya mtihani wa sheria na wa kulenga shabaha, huchukuliwa alama za vidole, ndipo aombe leseni. Mimi nilipoomba, afisa alimwuliza hata mke wangu kama nampiga. Niliona ni swali la haki. Basi yule kijana wa mtaani anayekunong'oneza kuwa anayo "ya bei nafuu", anakuuzia kifungo. Kuwa na silaha bila leseni kunaweza kumtia mtu ndani hadi miaka 15.

Pili, kuchagua. Leseni ya kujilinda hutolewa kwa silaha moja tu: ama bunduki ya marisawa isiyojipakia yenyewe, ama bastola. Bunduki ya marisawa ina nguvu, lakini ni ndefu, na ukumbi wa nyumba yangu ni mwembamba. Usiku, mtu anayepiga kona na mtutu mrefu hutanguliza mtutu wake, na aliye upande wa pili anaweza kuudaka. Bastola ya kisasa hubeba risasi nyingi, ila inataka mkono uliozoea. Mimi ni muuza duka, si askari, basi nilichagua rivolva ya kipimo cha .38. Ukifungua tumbo lake unaona papo hapo kama lina kitu au halina. Kwa mtu aliyeamshwa usingizini hilo ni jambo kubwa.

Lakini kabla ya kuchagua chuma, tazameni nyumba zenu. Kuta za nyumba za zamani za Johannesburg ni za matofali. Milango ya ndani ni mbao, na risasi hupita kwenye mbao bila kubisha hodi. Nyumbani kwetu sisi hakukosi wageni: shangazi kutoka Tanga, mpwa aliyefika na basi la usiku, mtoto anayerudi kwa kunyata asimwamshe baba. Mnakumbuka habari ya mwanariadha Oscar Pistorius kule Pretoria, usiku wa Februari 2013. Alipiga risasi nne katika mlango wa choo, akisema alidhani ni mwizi. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, naye akafa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa iliamua kuwa ni mauaji ya kukusudia. Kwa hiyo nyumbani kwangu sharti ni hili: kwanza watu wote huhesabiwa kwa sauti na kwa majina, kisha hupigwa simu, na silaha huja mwisho.

Tatu, risasi. Sheria inamruhusu mwenye leseni ya kujilinda kuweka risasi zisizozidi 200 kwa silaha moja, na ziwe za silaha aliyo na leseni yake. Hairuhusiwi kumwekea ndugu risasi za bastola usiyo nayo. Boksi moja la .38 kwa kawaida lina 50, basi maboksi manne yanatosha sheria na yanatosha akili. Zikae mahali pakavu katika maboksi yake. Za zamani zitangulie kutumika kwenye uwanja wa shabaha, mpya zibaki. Ziandikeni pia, maana mali bila daftari huisha bila habari. Silaha yenyewe hulala katika sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Ikiibwa, unazo saa 24 za kuripoti polisi.

Sasa lile msiloniuliza. Mwezi Mei 2008 ghasia dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, zikaenea, na watu 62 wakapoteza maisha, wakiwemo wenyeji 21. Mdogo wangu alikuwa amepanga huko na mkewe na watoto wawili. Alinipigia simu usiku: "Kaka, niazime kile chuma siku mbili tu." Sisi tumelelewa kuazimana kila kitu, kuanzia sufuria hadi nauli. Lakini silaha haiazimwi. Sheria inaniruhusu mtu aishike nikiwa hapo hapo namsimamia. Hainiruhusu kumpa aondoke nayo. Tena risasi sita zingemfanya nini mbele ya umati wa watu mia mbili, zaidi ya kuwapa sababu?

Nilimkatalia, nikaenda na gari kuwachukua. Walikaa kwetu miezi mitano, watu wanane chini ya dari moja na choo kimoja. Kwa muda mrefu alinisalimia kwa sababu ya watoto tu. Alisema nimeithamini karatasi ya serikali kuliko damu. Hata leo neno hilo halijaisha kabisa baina yetu, ingawa tunakula sahani moja.

Nawaeleza haya kwa kuwa anayenunua silaha katika ukoo mkubwa kama wetu atakuja kuombwa, na awe na jibu tayari. Awe na nafasi ya godoro pia, kwa sababu jibu la "hapana" peke yake halimlindi mtu.

La mwisho ni kwa wazee wenzangu. Leseni hairithiwi. Tukifa, msimamizi wa mirathi ndiye anayeitunza silaha kisheria, na mtoto anayeitaka lazima aombe leseni yake mwenyewe. Andikeni katika wosia silaha iko wapi na ufunguo anao nani. Yangu nimeagiza isalimishwe kituo cha polisi, na mke wangu amekubali.

Nawatakia nyote usiku wa amani.