Anachokula Mbuzi

Kuna swali ambalo watu hulijibu upesi mno: je, mti huu mnyama anaweza kuula? Mtu huutazama mti, hukumbuka kwamba aliwahi kumwona mbuzi akiuparamia, basi hapo hapo hutoa hukumu: "Unalika huo, hauna neno." Nimeishi miaka sabini na kitu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia katika shule zenye mashamba na mifugo. Nathubutu kusema kwamba hukumu ya aina hiyo huweza kumponza mnyama, na mara nyingine humponza hata binadamu asiyehusika.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulisoma katika joto la Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967. Asubuhi ubao na chaki, jioni jembe na zizi. Mkufunzi wetu wa kilimo alitufundisha kuwagawa wanyama wafugwao katika makundi mawili: wanaocheua na wasiocheua. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanacheua; farasi, punda na nguruwe hawacheui. Wengi wetu tuliliandika hilo daftarini kama jambo la kujibia mtihani, likaishia hapo. Kumbe ndani ya mgawanyo huo mna uhai na mauti.

Mbuzi akila jani, jani hilo huanza kuingia katika tumbo kubwa la kwanza, ambamo wanaishi vijidudu wasiohesabika. Hao hulichachusha na kulivunjavunja kabla mwili wa mbuzi haujalipokea. Baadhi ya sumu huishia humo humo. Farasi na punda nao wanao vijidudu wao, lakini wamo katika utumbo mpana, huko nyuma. Jani hupita kwanza tumboni na katika utumbo mwembamba, na sumu yake huingia katika damu kabla vijidudu hawajaigusa. Tena, farasi hawezi kutapika. Mlango wa tumbo lake umefungwa kwa msuli wenye nguvu sana; kilichoingia kimeingia. (Isidhaniwe kwamba mbuzi ana kinga ya kila kitu. Mtama mchanga unaochipua baada ya kukatwa huua mbuzi na ng'ombe kwa dakika chache, kwa sababu vijidudu wale wale wa tumbo la kwanza huharakisha kuifungua sumu yake.)

Mwaka 1997, kabla mvua za El Niño hazijafika, Dodoma ilikuwa na ukame mkali. Shule niliyokuwa nikiiongoza wakati huo ilikuwa na punda mmoja jike, mchota maji wetu, aliyebeba madumu manne kwa safari moja kutoka kisimani. Nyasi zilikuwa zimekwisha. Kitu pekee kilichobaki kijani kibichi kilikuwa mstari wa milusina uliopandwa kando ya uwanja wa mpira miaka kadhaa nyuma, wakati mti huo ulipohubiriwa kila mahali kuwa mkombozi: kuni, mbolea, kivuli na malisho kwa pamoja. Mbuzi wa kijiji waliula siku zote wakanenepa. Basi vijana wa zamu ya maji, kwa huruma yao, wakawa wanamkatia punda matawi ya lusina asubuhi na jioni.

Baada ya wiki chache nywele za mkia zikaanza kudondoka, kisha zile za shingoni. Punda akabaki na mkia kama kamba ya katani iliyochakaa. Kwato zikatokeza mistari kama pete, akawa anakanyaga kwa kuchechemea. Mlinzi wa shule akanijia ofisini na kufunga mlango nyuma yake.

"Mwalimu, huyu punda amechezewa. Hapa kuna mkono wa mtu."

Mkono wenyewe haukuchukua siku nyingi kupewa jina. Njia ya kisimani ilipita mbele ya nyumba ya bibi mmoja mjane aliyekuwa akiuza karanga, mwenye macho mekundu kama ya kila mwanamke aliyepikia kuni za moshi miaka hamsini. Punda alizoea kusimama kwake, naye alizoea kumpapasa. Basi ushahidi ukawa umekamilika. Msomaji anayeijua nchi yetu hahitaji kuelezwa maneno ya namna hiyo huishia wapi. Kule Usukumani vikongwe wengi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu.

Nilituma baiskeli kwa bwana mifugo wa tarafa. Alipofika hakuuliza nani alimgusa punda. Alimnyanyua mguu, akazitazama kwato, akashika mkia, kisha akauliza swali moja: "Anakula nini?" Vijana walipomwonyesha, akacheka kidogo, si kwa dharau.

Lusina asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Majani yake, hasa machanga, pamoja na mbegu, yana kitu kiitwacho mimosini, ambacho huzuia chembe za shina la unywele zisigawanyike. Nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba katika miaka ya 1970 wataalamu wa Australia walijaribu kuitumia kuvua sufu ya kondoo bila mkasi. Na hao hao Waaustralia walikuwa na fumbo lao: ng'ombe wao waliolishwa lusina kwa wingi walivimba rovu na kudhoofu, ilhali mbuzi wa Hawaii waliula bila madhara. Mtafiti wao, Raymond Jones, alifikiri kwamba tofauti haiko kwa mbuzi bali iko kwa wapangaji wa tumbo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majimaji ya tumbo la mbuzi wa Hawaii yalipelekwa Australia, wanyama wa huko wakapewa, na tatizo likawaondoka. Bakteria aliyefanya kazi hiyo alipewa jina mwaka 1992, Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Kwa hiyo hata ile kauli ya kwamba mbuzi anakula lusina salama si kweli ya kila mbuzi. Ni kweli ya mbuzi mwenye kijidudu kinachofaa. Punda, ambaye utumbo wake huinyonya mimosini mapema, msaada huo haumfikii.

Niliomba nafasi katika mkutano wa kijiji, nikaenda na bwana mifugo na tawi la lusina. Alieleza vizuri. Watu walitikisa vichwa, wengine kwa kukubali, wengine kwa adabu tu. Tulimwachisha punda lusina, tukamtafutia mabua makavu ya mahindi na nyasi za kununua, na baada ya miezi kadhaa mkia ukaanza kuota nywele mpya. Yule bibi hakuziona. Alikuwa amekwisha kuhamia kwa kaka yake, wilaya ya jirani, na mjukuu wake wa darasa la nne tukamfuta katika daftari la mahudhurio. Nilimpelekea ujumbe kwamba jambo limeeleweka. Alijibu kwa kinywa cha mpeleka ujumbe: "Mwalimu namshukuru sana. Ila mimi ni mtu mzima, nimewasikia walivyosema."

Katika hayo mabua ya mahindi nako kuna la kuangalia. Watu wengi huona kwamba mahindi yaliyoota ukungu, yasiyofaa kwa ugali, ni halali ya punda. Kuna ukungu wa mahindi ambao sumu yake humwozesha farasi na punda ubongo; huanza kuzunguka ovyo, hupofuka, hufa kwa siku chache. Watafiti wa Afrika Kusini waliitenga sumu hiyo mwaka 1988 na kuiita fumonisini. Chakula kilichokataliwa na mama mwenye nyumba mpe rundo la mbolea, usimpe punda.

Majuzi aliniandikia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtunza farasi katika shamba moja karibu na Arusha. Farasi ni wachache kwetu, kwani maradhi yameshindana nao tangu zamani, na asiyekua nao hana wa kumuuliza. Alitaka kujua habari ya miti miwili. Wa kwanza mparachichi, uliotoa kivuli juu ya zizi. Nikamjibu kwamba tunda tunalolipenda lisimdanganye: majani yana persini, inayomvimbisha farasi kichwa na midomo na kumdhuru moyo, na miparachichi yenye asili ya Guatemala inasemekana kuwa mibaya zaidi. Wa pili ulikuwa ua wa oleanda, ile mimea yenye maua ya waridi na meupe ambayo imepambia ofisi nyingi nchini. Huo majani machache tu yanatosha kumwua farasi, na yakikauka hayapungui ukali. Kwa kweli makavu ndiyo ya hatari, kwa kuwa mbichi ni machungu na farasi aliyeshiba huyaacha. Wanyama wengi hufa siku ua ulipopogolewa na matawi yakatupwa ndani ya zizi, au mwezi ambao nyasi zimekwisha na njaa imewaondolea uchaguzi.

Nilimshauri auombe uongozi wa shamba uung'oe. Alinijibu kwamba mwenye farasi hakubali, anayapenda maua yake. Wameuwekea seng'enge pande zote, na amepewa ahadi kwamba siku za kupogoa ataitwa kwanza, awatoe farasi.