Kula chumvi nyingi: kilomita 42 na mapafu yangu

Haya jamani, nimepotea. Wale mliokuwa mkingoja sehemu ya tatu ya makala yangu kuhusu hifadhidata, poleni, haiji leo. Leo nataka kuandika juu ya jambo nililolikwepa tangu nianze kuandika hapa. Ni kuhusu mapafu yangu, jasho langu, na programu ndogo niliyoiandika mwenyewe ambayo nusura inizike.

Oktoba, Mungu akipenda, nitakimbia marathoni yangu ya kwanza hapa Nairobi. Najua, katika nchi hii hiyo si habari. Hii ndiyo nchi ya Eliud Kipchoge, aliyemaliza umbali huo kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, na ya marehemu Kelvin Kiptum, aliyetumia saa 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023. Mimi mambo yakienda sawa nitatumia saa tano na ushee. Mabingwa watakuwa wameoga, wamekula na kulala usingizi wa mchana :-)

Tofauti ni kwamba mimi nilizaliwa na ugonjwa uitwao saistiki faibrosisi. Wengi wenu hamjausikia. Hata madaktari kadhaa walionihudumia utotoni hawakuufikiria, kwa sababu husemwa ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Kwa Wazungu hutokea zaidi, lakini nasi Waafrika tunao, ila mara nyingi hatupimwi.

Niueleze kwa lugha yetu ya waandika programu. Katika kromosomu ya 7 kuna jeni iitwayo CFTR, iliyogunduliwa mwaka 1989. Kazi yake ni kutoa maagizo ya kutengeneza mlango mdogo kwenye ngozi ya seli, mlango wa kupitishia chumvi. Mlango ukikosekana, ute wa kwenye mapafu hukauka na kunata kama gundi, vijidudu hupata makao, na kongosho huziba hata chakula kisisagike vizuri. Na jasho hutoka na chumvi nyingi mno.

Sasa sikiliza hitilafu yenyewe ilivyo ndogo. Seli inaposoma maagizo ya jeni hiyo, hukata vipande visivyohitajika na kuunganisha vilivyobaki. Kila mahali pa kukata pana alama. Kwangu mimi, kwenye alama moja, herufi G imegeuka kuwa A. Herufi moja tu! Wataalamu huiandika 3120+1G>A, na ndiyo hitilafu inayoonekana zaidi kwa Waafrika weusi wenye ugonjwa huu kule Afrika Kusini. Ninazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wao kila mmoja ana nakala moja nzuri, kwa hiyo hawaumwi. Lakini kila mtoto wao alikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzipata mbovu zote mbili.

Walizaa watoto watatu. Kaka yangu mkubwa ni mzima. Mimi ni wa pili. Dada yetu mdogo alifariki akiwa na miezi minane, ikaandikwa nimonia. Hatukuwahi kujua zaidi ya hapo, na sasa hatutajua.

Mimi nilikua nikikohoa. Nilikula kama shimo na bado mbavu zilihesabika. Mara mbili nilitibiwa kifua kikuu, nikiwa na miaka 6 na tena nikiwa na 11, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Miezi sita ya vidonge kila mara, na kikohozi palepale. Nyanya yangu alikuwa akinibusu kwenye paji la uso, analamba midomo na kucheka: "Huyu mjukuu wangu ameshakula chumvi nyingi kabla hata hajaota ndevu." Nyote mnajua maana ya msemo huo. Mtu aliyekula chumvi nyingi ni mtu aliyeishi miaka mingi.

Nikiwa na miaka 13, daktari mmoja wa watoto alimuuliza mama swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Jasho la huyu kijana likikauka, huacha unga mweupe?" Mama akasema ndiyo, hata kola za shule huwa ngumu. Jasho langu likapimwa. Kloridi chini ya 30 kwa lita ni kawaida, 60 na zaidi ni ugonjwa. Mimi nilipata 104. Nyanya alikuwa amefanya kipimo kilekile kwa midomo yake, miaka mingi kabla ya maabara.

Mtaniuliza kuhusu dawa. Kweli, mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa inayoitwa Trikafta, na imewapa wagonjwa wengi maisha mapya. Bei yake huko ilianza kwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, lakini kwangu bei si tatizo la kwanza. Dawa hiyo hurekebisha mlango uliotengenezwa vibaya. Wangu hautengenezwi kabisa, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha. Ni kama kutumiwa kiraka cha faili ambalo halipo kwenye mashine.

Kwa hiyo nina zile njia za zamani. Saa kumi na moja alfajiri nakaa na nebulaiza, navuta mvuke wa maji yenye chumvi asilimia 7 ili ute ulainike. Kisha natoa pumzi kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, mara nyingi, mpaka uchafu upande. Stima ikipotea natumia betri ileile inayolinda seva yangu ndogo ya nyumbani. Kila mlo wenye mafuta nameza vidonge vya vimeng'enya, hata nikila mandazi kibandani. Na nakimbia, kwa sababu kukimbia kunatikisa kifua kuliko kupigwapigwa mgongoni.

Nilianza miaka minne iliyopita kwa kukimbia kutoka langoni hadi kwenye duka la kona, kama mita 400, nikirudi kwa miguu nikikohoa hadi majirani wakafunga madirisha. Baadaye nikahamia msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea usigawiwe. Mtu mwenye mapafu kama yangu hawezi kukimbilia nyuma ya matatu. Kila nikipita chini ya miti ile namshukuru yule mama.

Sasa tuje kwenye programu. Mwaka jana niliandika skripti fupi ya Python. Nilikuwa najipima kabla na baada ya kukimbia. Uzito wa kwanza, toa wa mwisho, ongeza maji niliyokunywa, unapata jasho. Mfano: naondoka na kilo 58.2, narudi na 57.0, nimekunywa nusu lita. Jasho ni lita 1.7 kwa kilomita 18. Skripti ilichora grafu nzuri sana, nikawa naitazama kwa fahari. Kuhusu kunywa, nilifuata ushauri unaopatikana kila mahali: kunywa unaposikia kiu.

Jumapili moja ya Februari, jua kali, nilipanga kilomita 28. Mwenzangu wa kazini, tunayemwita Mzee wa Seva, alinifuata kwa pikipiki akibeba maji. Kufika kilomita ya 20 miguu ilianza kukaza. Sikuwa na kiu. Kilomita ya 22 nikatapika. Bado sikuwa na kiu, ila nilikunywa chupa nzima ya maji matupu nikidhani najisaidia. Kilomita ya 24 Mzee wa Seva aliniuliza jina la mradi tunaoufanyia kazi. Nilijua kwamba najua, lakini halikuja. Ninachokumbuka baada ya hapo ni dari ya hospitali, na mama amekaa kando ya kitanda, kanga yake ameikunja magotini kama wanavyokaa watu matangani.

Sodiamu katika damu inatakiwa iwe kati ya 135 na 145. Yangu ilikuwa 125.

Nililazwa siku mbili, na siku ya pili niliomba kipakatalishi nikaifungua ile skripti. Hesabu zilikuwa sahihi zote. Kosa lilikuwa kwenye dhana niliyoijenga chini yake. Mtu wa kawaida akitokwa na jasho hupoteza maji mengi kuliko chumvi, damu inakolea, ubongo unapata habari na kupiga kengele ya kiu. Mimi chumvi huondoka pamoja na maji. Damu haikolei, na kengele hailii. Nilikuwa nimeandika programu nzima nikitegemea kihisio ambacho mwilini mwangu hakifanyi kazi! Halafu nikamalizia kwa kumwaga maji matupu juu ya chumvi kidogo iliyobaki.

Nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwanzoni. Sodiamu katika jasho langu ni kama 100 kwa kila lita. Hiyo ni karibu gramu 6 za chumvi ya mezani, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Kwa mwendo wangu, marathoni itanitoa lita 4 hivi za jasho. Gramu 23, vijiko vinne vya chumvi, kwa asubuhi moja.

Basi sasa nakunywa kwa saa, si kwa kiu. Simu inalia kila dakika 15 na nakunywa hata kama sitaki. Chupani naweka yale maji ya chumvi na sukari ya pakiti mnayoyajua, wanayopewa watoto wakiharisha. Yana sodiamu 75 kwa lita, na daktari wangu amenipimia chumvi ya kuongeza. Tafadhali, usiige. Kama huna ugonjwa huu, chumvi ya namna hiyo itakupandishia shinikizo la damu bure. Hesabu hii ni yangu peke yangu, na imepitiwa na daktari.

Kazi ngumu ilikuwa mama. Daktari alikubali mwezi wa Mei, baada ya kupima mapafu na damu. Mama hakukubali. Nilimwendea na grafu zangu, nikamweleza kila mstari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi sijui grafu. Mimi nimezika mmoja. Hizo mbio zitakuongezea nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikaa nalo wiki nzima. Kisha nikamwambia ukweli, kwamba maisha yangu yote watu wamekuwa wakiuhesabu mwili wangu kwa kile unachopoteza: pumzi, uzito, chumvi, miaka. Natamani mara moja tu niuhesabu kwa kilomita, namba inayopanda. Na nikamwambia kama atasema hapana, nitaacha. Sikusema hivyo kwa hila. Ningeacha.

Alinyamaza sana. Halafu akauliza, "Hiyo mizani yako inabebeka?"

Ndiyo mpango tulio nao. Kilomita ya 21 mama atakuwa kando ya barabara na mizani ya bafuni, chupa mbili na Mzee wa Seva. Nitapanda. Nikiwa chini ya kilo 56.5, nimekauka, nasimama. Nikiwa juu ya 58.2, nimekunywa kupita kiasi na damu inazimuka, nasimama. Kisha ataniuliza maswali matatu aliyoyachagua mwenyewe na amekataa kunionyesha. Nikishindwa hata moja, nasimama. Na hata namba zote zikiwa sawa, akinitazama usoni akasema basi, ni basi. Hayo nimeyaandika kwenye karatasi, nikatia sahihi, ameyaweka ndani ya Biblia yake.

Nimewahi kuandika mifumo mingi yenye kinga za kila aina. Huu ndio wa kwanza ambao kitufe cha kuzima sikukishika mimi, na naona ndio nilioufanyia majaribio vizuri zaidi. Jumapili iliyopita tulifanya kilomita 32, mizani ikasomeka 57.3 katikati. Swali la kwanza la majaribio lilikuwa jina la dada yangu. Nilijibu. Mama akanipa chupa, akanipangusa paji la uso kwa ncha ya kanga, akatazama ule unga mweupe uliobaki juu ya kitambaa.

"Nenda," akasema. "Bado una chumvi ya kula."

Nitawaambia Oktoba ilikwendaje, hata kama nitasimama kilomita ya 21. Na sehemu ya tatu ya hifadhidata inakuja, msinipige mawe. Mwenye swali aulize hapo chini. Na kama una mtoto anayekohoa miaka yote, hanenepi, na nguo zake zikikauka huacha unga mweupe, usiulize hapa. Mwulize daktari, na umtajie jasho.