Vilima vya Kigali kwa Mwendo wa Aste Aste

Wanaume 30 tu ndio waliomaliza mbio kuu za mashindano ya dunia ya baiskeli jijini Kigali, Septemba 2025, mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika. Zilikuwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaibuka bingwa. Kundi letu lilipita sehemu ya njia zile zile na mahema na sufuria zimefungwa kwenye fremu. Tulikubaliana jambo moja tu: aliyechoka kuliko wote ndiye anayepanga mwendo.

Mji huu unaufaa mwendo huo. Barabara ya mawe ya mtaa wa Kimihurura haipandiki kwa pupa ukiwa na mzigo. Unaweka gia nyepesi kabisa, mikono inatetemeka kwenye usukani, na kila ukiinua macho unakuta kilima kingine ng'ambo ya bonde, nyumba zimekishika mpaka juu na mashamba ya kijani chini yake. Wageni husifu usafi wa Kigali, na wana haki. Mimi nausifu kwanza kwa namna unavyojionyesha wote, kilima baada ya kilima, kwa anayepanda taratibu.

Nyamirambo tulikaa mno, na nisingepunguza hata dakika. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini mtaa huu wa misikiti na vinyozi ulikuwa ukikizungumza tangu zamani. Kwenye chai ya maziwa na chapati, wazee walitupangia njia upya: huku pana matope, kule pana kivuli.

Tukateremka mpaka Nyabarongo, mto wa maji ya rangi ya udongo yanayoishia kwenye Nile. Hapo ndipo nilipowaona waendesha baiskeli ninaowastahi kuliko mabingwa wote. Mmoja alikuwa akisukuma mlimani mikungu mitano ya ndizi mbichi, miwili kila upande na mmoja juu ya keria, yote imekazwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Bega lake lilikuwa limezama katikati ya ndizi, miguu ikichimba vumbi. Alipotuona tunahema akatupigia kelele: "Komera!" Tujikaze! Mwenzetu mmoja akashuka, akasukuma naye kutoka nyuma hadi barabara iliponyooka.

Baadaye tulifika Ziwa Kivu na njia ya Kongo-Nile, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, yenye samaki wadogo wa sambaza wa kukaanga kila jioni. Ni nzuri, na wengi huikimbilia moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Wasifanye hivyo. Waipe Kigali siku zake kwanza, na sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tukumbuke kuwa kule magari hupita kulia.