Kiharusi na Swali la "Atapona?"

Mzee wetu alipopatwa na kiharusi tulikuwa na swali moja tu: atapona? Daktari alitueleza kuwa damu iliyoganda imeziba mshipa wa ubongo. Alimpima kwa kipimo cha alama 0 hadi 42. Alama zikizidi, madhara ni makubwa zaidi. Akatazama na umri, sukari na muda uliopita, kwani dawa ya kuyeyusha damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.

Makadirio hayo hutokana na wagonjwa wengi, hayamhukumu mmoja. Ya ghaibu anayajua Mwenyezi Mungu. Lakini kutawakali si kukaa bure. Miezi 3 ya mwanzo ndiyo viungo hurudisha nguvu zaidi, hivyo tuligawana zamu za kumfanyisha mazoezi. Leo anakwenda msikitini kwa mkongojo, ingawa mkono wa kushoto bado mzito.

Basi ndugu zetu, mkiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, msingoje kesho. Mkimbizeni mgonjwa hospitali. Na akirudi nyumbani, msimlaze tu mkamkatia tamaa.