Sauti ya Ngari

Kazi iliingia Jumapili usiku: maneno elfu moja kuhusu chui, kufikia asubuhi. Nikakaa kitandani kejani kwangu, orofa ya nne, Githurai 45. Huko chini makanga bado walikuwa wakiita watu wa tao.

Yote niliyojua kuhusu chui yalitoka nyumbani. Kwetu ni Nyeri, kando ya msitu wa Aberdare. Nikiwa darasa la tatu, ngari, ndivyo tunavyomwita, alibeba mbwa wetu. Hakuna aliyesikia chochote. Asubuhi tulikuta nyayo tu, bila alama za kucha, kwa sababu chui hutembea amezirudisha ndani.

Nikasoma. Chui anaweza kuishi karibu na watu miaka mingi wasimwone. Kule Mumbai, chui wa mbuga ya Sanjay Gandhi huingia mitaani usiku kukamata mbwa. Madoa yake huvunja umbo lake; ukimtazama majanini unaona mwanga na kivuli. Chakula hachagui: swara, panya, hata mbawakawa. Nikacheka peke yangu. Huyu si mtu wa Githurai kabisa?

Tena nilijiona mjanja kama yeye. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponilemea. Zaidi ya mwaka sasa Mathe alikuwa akiuliza, "Masomo yanaendeleaje?" nami najibu, "Poa tu." Kila muhula alinitumia elfu mbili za shule. Nilizila.

Saa nane usiku nikafika kwenye sauti. Chui huita kwa mkwaruzo, kwenda na kurudi, kama fundi anayepasua mbao kwa msumeno. Dume huzunguka eneo lake akiita hivyo, akikojolea vichaka na kukwaruza miti, ili chui wengine wajue yuko. Nikaacha kuandika. Hata huyu anayeishi peke yake hujificha wasimwone swara, simba na watu. Chui wenzake huwaambia yuko wapi.

Asubuhi nilituma kazi, kisha nikapiga simu Nyeri.

"Mathe, niliacha shule."

Kimya. Nikasikia jogoo wa kwetu.

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Na unakula nini?"

Nikamwambia huwa naandika. Kwamba usiku kucha nimeandika juu ya ngari.

"Umewaambia alikula mbwa wetu?"

Hilo sikuwa nimeliandika.